Wasomaji Wanauliza: Mishale, Vigae na Majina Yasiyoonekana

Toleo lililopita tulieleza kwamba mtu aliye Mwanza anaweza kuifuatilia historia ya sanaa ya kisasa kupitia tovuti za makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani: anabofya, anavuta picha karibu, anapita chumba hadi chumba bila kuondoka kwake. Barua zilizofuata zimetoka pande nyingi za ziwa. Tumechagua sita.

Michoro miwili, upi wa kweli?

*Ndugu Mhariri, nafundisha historia sekondari hapa Nyegezi. Kwenye tovuti ya MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, nimekuta mchoro wa zamani wenye mishale inayoshuka kutoka kwa wachoraji kama Van Gogh na Cézanne hadi sanaa dhahania, ile isiyoonyesha watu wala vitu kama tunavyoviona. Tovuti hiyohiyo ina mchoro mwingine unaofanana na wavu wa dagaa: majina na mistari, hauna juu wala chini. Wanafunzi wananiuliza upi ni wa kweli. Niwajibu nini? — Mwalimu, Nyegezi*

Mwalimu, kila mchoro unajibu swali lake, na kazi nzuri ya darasani ni kuwaacha wanafunzi walitafute swali lenyewe.

Mchoro wa mishale ulibuniwa na Alfred H. Barr, mkurugenzi wa kwanza wa MoMA, kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1936 kuhusu ukubisti (mkondo wa kuchora vitu kana kwamba vimevunjwa vipande vyenye pembe) na sanaa dhahania. Ulichapwa kwenye jalada la kitabu cha maonyesho hayo. Pembeni kuna miaka, kuanzia 1890 juu hadi 1935 chini. Juu wamo wachoraji wachache, katikati mikondo ya sanaa pamoja na miji ilikoanzia, na chini kabisa mishale inaelekea mahali pawili: sanaa dhahania ya kijiometri na ile isiyo ya kijiometri. Barr alikuwa anauliza sanaa dhahania imetoka wapi. Ukishauliza hivyo, kila kitu kitaelekea huko, na mchoraji aliyeendelea kuchora watu na mashamba mwaka 1930 hapati nafasi.

Waonyeshe wanafunzi visanduku vyekundu. Hivyo ni vya mambo yaliyoingia kutoka nje ya mikondo ya wachoraji wa Ulaya: picha za chapa za Kijapani, sanaa ya Mashariki ya Karibu, uzuri wa mashine, na sanamu za Kiafrika. Van Gogh ameandikwa kwa jina. Sanamu za Kiafrika hazina mchongaji, hazina nchi, hazina mwaka wa kuchongwa. Zimewekwa pale wachoraji wa Paris walipoanza kuzitazama. Mchoraji Picasso, kwa mfano, aliziona kwenye makumbusho ya Trocadéro mwaka 1907, mwaka aliochora picha yake ya wanawake watano wa Avignon. Ukweli huo umo, lakini nusu yake tu. Mchongaji naye alikuwa na mwalimu, na mwalimu wake alikuwa na wake, na mishale hiyo haikuchorwa.

Mchoro wa pili ulitengenezwa kwa maonyesho yaliyofunguliwa Desemba 2012, kuhusu kuzaliwa kwa sanaa dhahania kati ya 1910 na 1925. Hapa mstari una maana moja: upo ushahidi kwamba watu wawili hao walifahamiana katika miaka hiyo. Hausemi nani alimwiga nani. Wenye mistari mingi kuliko wengine wameandikwa kwa rangi nyekundu, na hapo ndipo pa kusimama. Miongoni mwao yumo Apollinaire, ambaye alikuwa mshairi. Yumo Tristan Tzara, mshairi na mhariri. Yumo Alfred Stieglitz, mpiga picha aliyekuwa na ukumbi wa maonyesho New York. Wavu wa namna hii humpandisha mtu aliyeandika barua, aliyehariri jarida, aliyekaribisha wageni. Aliyejifungia akachora, au ambaye barua zake zimepotea, hubaki pembeni hata kama kazi yake ni nzito.

Kwa kipindi cha dakika 80, gawa darasa mara mbili. Kundi la kwanza lichukue ukubisti kwenye mchoro wa 1936, la pili limchukue Picasso kwenye wavu wa 2012. Kila kundi liandike sentensi tatu ambazo mchoro wake unaziruhusu, na moja ambayo hauiruhusu. Kosa litakalotokea ni mwanafunzi kuandika kwamba Apollinaire alimfundisha Picasso kuchora, kwa kuwa ameona mstari. Lisahihishe kwa kumrudisha kwenye maelezo ya mchoro, yanayosema mstari unahesabiwa kwa lipi.

Jambo moja zaidi: tangu MoMA ilipofunguliwa upya Oktoba 2019, vyumba vyake havifuati tena mstari wa Barr kwa ukali ule. Picha hiyo ya Picasso ya 1907 iliwekwa chumba kimoja na picha ya Faith Ringgold ya 1967, yenye damu na watu weusi na weupe wakikimbia. Vyumba hubadilishwa mara kwa mara, na tovuti hubadilika navyo. Ukiandaa somo, hifadhi ukurasa kama PDF siku hiyohiyo.

Picha inakuja vipandevipande na bando linakwisha

*Nikivuta picha karibu kwenye simu inakuwa ukungu, halafu vipande vinajaa kimoja kimoja. Nikisogeza kidogo, ukungu tena. Bando linakwisha kabla sijaona kitu. — Msomaji, Nansio, Ukerewe*

Picha kubwa za makumbusho haziletwi nzima. Hukatwa vigae vya mraba, na simu huomba vigae vya sehemu unayoitazama tu. Chukua picha yenye upana wa pikseli (nukta ndogo zinazounda picha ya skrini) 8,192 na kimo cha 6,144, kigae kikiwa na pikseli 512 kila upande: ni vigae 16 kwa 12, yaani 192, kwa ngazi ya karibu kabisa peke yake. Kigae kimoja kikiwa na KB 50, kuizungukia picha yote kwa karibu ni kama MB 9.6. Ukungu unaouona ni picha ya ngazi ya chini iliyonyooshwa wakati vigae vipya viko njiani. Ukisogeza kabla havijafika, simu inaanza kuomba vingine, na vile vya kwanza umeshavilipia.

Kwa hiyo, picha ikiwa bado ndogo, amua unataka kuona wapi. Vuta karibu mara moja, shusha mkono, subiri vijae, piga picha ya skrini, ndipo uhamie kwingine. Kuvutavuta kwa vidole ndiko kunakokula bando.

Njia bora zaidi ni kuomba picha ya ukubwa unaoutaka. Makumbusho mengi hutumia utaratibu mmoja uitwao IIIF, ambao anwani ya picha hubeba vipimo vyake. Kwenye Art Institute of Chicago anwani ya picha huishia na `/full/843,/0/default.jpg`. Namba 843 ni upana kwa pikseli. Weka 400 badala yake, acha mkato ulipo, utaletewa picha ndogo inayotosha kujua kama ndiyo unayoitafuta. Ukiridhika, panda hadi 1,280, ukiiandika bila mkato wa maelfu: 1280. Kiasi hicho kinatosha projekta nyingi za shuleni. Kazi zenye hakimiliki huwekewa kikomo, kwa hiyo usishangae ukikataliwa ukubwa. Mchoraji Seurat alifariki 1891 na kazi zake ziko huru. Picasso alifariki 1973, na Ulaya kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2043, ndiyo maana picha zake mara nyingi ni ndogo kwenye tovuti.

Kama una bando la picha moja tu, litumie kwa Seurat huyo, picha yake ya Jumapili kwenye kisiwa cha Grande Jatte, ya 1884 hadi 1886, iliyoko Chicago. Usianzie kwenye nyuso. Nenda kwenye nyasi zenye jua. Katikati ya nukta za kijani utaona nukta za kahawia zisizo na sababu ya kuwepo. Zilikuwa njano. Seurat alitumia rangi ya njano yenye zinki iliyobadilika na kuwa kahawia ndani ya miaka michache, kwa hiyo jua tunaloliona leo limefifia kuliko alilolichora. Kisha nenda ukingoni: ule mpaka wa nukta aliuongeza mwenyewe miaka michache baadaye. Mambo hayo mawili huwezi kuyaona kwenye kadi ya posta, na ndiyo yanayofanya kuvuta picha karibu kuwe na maana.

Kwa nini sisi hatumo?

*Nimepitia mistari ya muda, ile inayopanga wasanii kwa mfuatano wa miaka, kwenye tovuti nne. Ulaya, Marekani, kidogo Japani. Afrika Mashariki hakuna mtu. Hatukuchora? — Mwanafunzi wa chuo, Bukoba*

Walichora, na mmoja wao yumo MoMA tangu 1960. Tatizo ni kwamba mstari wa muda ni sehemu moja ya tovuti, na orodha ya mkusanyiko ni nyingine. Mstari wa muda huchaguliwa na mtu. Orodha huandikwa kwa kila kitu kilichonunuliwa au kupokelewa. Anayeishia kwenye mstari wa muda anasoma uchaguzi wa mwingine.

Nenda kwenye kitafutio cha mkusanyiko wa MoMA, andika Ntiro. Utampata Sam Joseph Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, 1923 hadi 1993. Picha yake ni ya mafuta kwenye turubai, ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ina kimo cha sentimita 40.9 na upana wa 50.8. Soma rekodi hadi chini, kwenye mstari unaotaja mfuko wa fedha: ndipo utaona kwamba ilinunuliwa 1960.

Ntiro alisoma Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, kisha shule ya sanaa ya Slade, London. Alirudi kufundisha Makerere, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa Balozi wetu Uingereza. Ukitaka kuchora mishale ya kwetu, anza Makerere: hapo walipita Gregory Maloba wa Kenya na Elimo Njau wa Marangu, ambaye mwaka 1965 alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa Nairobi. Mshale wa pili uanzie Dar es Salaam mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora kwenye mbao nyembamba za masonite kwa rangi za kupaka baiskeli. Hakupita shule ya sanaa, na alifariki 1972 akiwa na miaka 40. Mishale hiyo miwili haikuanzia mahali pamoja na haina haja ya kulazimishwa ikutane. Hilo peke yake ni somo ambalo mchoro wa 1936 hauwezi kulifundisha.

Kama unataka ushahidi wa namba kwa ajili ya tasnifu, MoMA imeweka orodha yake ya kazi wazi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu na data, tangu 2015, kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Lipakue mahali penye Wi-Fi, ni zito. Usilibofye moja kwa moja: fungua Excel tupu, ingia sehemu ya data, ingiza kutoka faili la maandishi na uchague usimbaji wa UTF-8. Usipofanya hivyo majina kama Cézanne yataharibika. Safu ya mwaka itaje kuwa maandishi, la sivyo Excel itasoma 1903-04 kama Aprili 1903 na hutajua. Kisha chuja safu ya utaifa.

Usihesabu safu mlalo ukadhani umehesabu umuhimu. MoMA ina picha zaidi ya 5,000 za mpiga picha mmoja wa Ufaransa, Eugène Atget, kwa kuwa ilinunua shehena yake kwa mkupuo. Kitabu kimoja chenye michoro 50 kinaweza kuwa safu 50. Hesabu wasanii badala ya kazi, kisha utazame mwaka kila kazi ilipoingia. Mwaka wa kuingia utakuonyesha ni lini jumba lilianza kutazama upande fulani wa dunia, na hicho ndicho unachokitafuta.

Kiungo cha zamani hakifunguki

*Kaka yangu alinipa anwani ya mchezo wa makumbusho wa kuwafundisha watoto sanaa. Unaleta kisanduku cha kijivu tu. Simu yangu mbovu? — Mama wa watoto wawili, Musoma*

Simu yako nzima, mama. Michezo mingi ya wakati ule ilitegemea Flash, programu ya kuchezesha picha na michezo kwenye kivinjari, na kampuni yake, Adobe, iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Tangu 12 Januari 2021 imezuiwa isicheze kabisa. Makumbusho mengine yalijenga upya, mengine yaliacha kisanduku hicho.

Bandika anwani yako kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hazina ya kurasa za zamani za wavuti, na uchague tarehe ya kabla ya 2021. Ukitumia kompyuta, sakinisha Ruffle kwenye kivinjari, programu ya bure inayochezesha mafaili hayo. Ya miaka ya mwanzo ya 2000 hufunguka vizuri. Ya baadaye hukwama zaidi, na mengine hufunguka bila picha kwa sababu picha zilikaa kwenye mafaili ya pembeni yasiyohifadhiwa. Tovuti yoyote inayokuambia upakue Flash mpya, ifunge hapohapo: inataka kuingiza virusi.

Rangi na ukubwa

*Mimi ni mchoraji Kirumba. Nikinakili kazi kutoka kwenye tovuti ili nijifunze, rangi hazifanani na zile nilizoona kwenye simu ya mwenzangu, na sijui nianze na ubao wa ukubwa gani. — Fundi wa brashi*

Rangi kwanza. Zima kichujio cha usiku kwenye simu, kile kinachoifanya skrini iwe ya manjano, na uzime mwanga unaojirekebisha wenyewe. Weka mwanga wa skrini karibu na nusu, keti kivulini. Fungua picha ileile kwenye tovuti ya jumba linaloimiliki, usitegemee nakala zilizosambaa: picha moja ya Van Gogh utaikuta na bluu tano tofauti. Pamoja na hayo, tumia skrini kujifunza uhusiano wa rangi, ipi nzito kuliko ipi, na kulinganisha joto na baridi, kuliko kutafuta bluu yenyewe.

Ukubwa ndio uongo mkubwa zaidi wa skrini, kwani kila kazi inajazwa kwenye kioo kilekile. Picha ya Dalí ya saa zinazoyeyuka, ya 1931, ina sentimita 24.1 kwa 33, inazidi kidogo karatasi ya A4. Wanawake wa Avignon wana 243.9 kwa 233.7, juu kuliko mlango. Mayungiyungi ya Monet yaliyoko MoMA, paneli tatu pamoja, yana upana wa karibu mita 12.76. Kabla hujagusa brashi, pima vipimo halisi ukutani kwa tepu na chaki, simama mbele yake mita mbili, uone mkono wako ungelazimika kufika wapi. Mchoro unaotoka begani hauwi sawa na unaotoka kiganjani. Ukinakili Monet kwenye ubao wa sentimita 60 utakuwa umejifunza rangi zake, mwendo wa mkono wake hapana.

Kwa mtu wa fani yako tunapendekeza tovuti ya makumbusho ya Reina Sofía ya Madrid kuhusu Guernica, picha ya Picasso, ya 1937, yenye sentimita 349.3 kwa 776.6. Imepigwa kwa mwanga wa kawaida, urujuanimno, infraredi na eksirei, na unaweza kulinganisha aina moja na nyingine sehemu ileile. Tazama nyufa: turubai hiyo iliviringishwa na kusafirishwa mara nyingi, na rangi imelipa gharama yake. Anayeviringisha kazi zake kuzituma kwa wateja azitazame vizuri nyufa hizo.

Tunataka kujenga wa kwetu

*Sisi ni kikundi cha vijana Kisesa, karibu na makumbusho ya Bujora. Tunataka mstari wa muda wa wachoraji wa Mwanza kwenye intaneti. Hatuna fedha ya fundi. — Kikundi, Kisesa*

Tumieni TimelineJS ya Knight Lab, programu ya kutengeneza mistari ya muda, ni ya bure na inasoma jedwali la Google. Nakilini jedwali lao la mfano. Vichwa vya safu vilivyoandikwa kwa Kiingereza viacheni vilivyo, msifute safu, msiache mstari mtupu katikati. Moja ya hayo likitokea, ukurasa hauonyeshi kitu. Maandishi yenu chini ya vichwa ndiyo yawe ya Kiswahili. Kisha jedwali lichapisheni kwenye wavuti, kushirikisha kwa kiungo pekee hakutoshi. Msizidishe slaidi 20.

Kazi kubwa iko kwenye kupiga picha. Rangi za mafuta hung'aa, kwa hiyo msipige juani wala kwa flashi. Tafuteni kivuli cha wazi, mbali na ukuta wa kijani au wa bluu, maana rangi ya ukuta huingia kwenye picha. Simamisheni ubao wima, simu iwe usawa wa katikati ya ubao, rudini nyuma mita mbili na mvute mara mbili. Ukipiga kwa karibu, kingo hupinda. Picha ya pili ipigwe na tepu ikiwa pembeni. Papo hapo andikeni jina la mchoraji, mwaka, vipimo kwa sentimita, vifaa, mmiliki wa sasa, na ruhusa ya mchoraji kwa maandishi na sahihi. Bila ruhusa kazi isipande, hata kama mmiliki amekubali: kununua picha hakumpi mtu haki ya kuisambaza.

Kiungo cha picha kiwe cha faili lenyewe, kinachoishia na .jpg, kile cha kushirikisha cha Google Drive hufungua ukurasa, na picha inaweza isitokee. Kama mwaka haujulikani, msibuni. Safu ya mwaka inataka namba, kwa hiyo wekeni 1970, kisha kwenye safu ya tarehe inayoonekana kwa msomaji andikeni "miaka ya 1970, kwa maelezo ya familia".